Mganga Mfawidhi Afundishwe Kuendesha Hospitali Kabla ya Kukabidhiwa Ofisi

Kati ya mwaka 1984 na mwaka 1991, vifo vya wajawazito katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, hii ambayo wengi wetu tunaiita Maweni, vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Takwimu hizo zilikusanywa na marehemu Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi aliyekuwa akifanya kazi Kigoma wakati huo, akazichapisha mwaka 1995 pamoja na Profesa Staffan Bergström wa Sweden. Ni kipindi ambacho nchi ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi, dawa zilikuwa adimu, na Kigoma ilikuwa mbali zaidi na Dar es Salaam kuliko ilivyo leo. Kila ninaposoma kazi hiyo, kinachonishika kuliko takwimu zenyewe ni orodha ya mambo yaliyofanyika. Yalikuwa mambo 22, na anayetarajia kukuta humo mashine mpya au dawa ya ajabu hataikuta.

Walianza kwa kugundua kwamba vifo vingi havikuwa vikiandikwa, kwa hiyo hospitali haikujua ukubwa wa tatizo lake yenyewe. Kisha wakaweka vikao vya mara kwa mara vya kuchambua kila kifo na kuulizana nani alipaswa kufanya nini. Wakapanga ratiba ya matengenezo ya vifaa. Wakaweka utaratibu wa mafunzo ya watumishi wakiwa kazini, na utaratibu wa kuwapima utendaji wao. Wakaandika miongozo ya kumhudumia mgonjwa na ya lini apewe rufaa. Wakashughulikia upatikanaji wa damu na dawa muhimu, wakaona haja ya kitengo kidogo cha kutengeneza maji ya dripu hapohapo hospitalini, wakatazama umbali wa nyumba za watumishi muhimu kutoka hospitalini, wakasikiliza malalamiko ya wananchi, wakahamasisha michango ya fedha kutoka kwa wenyeji. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haifundishwi katika darasa la udaktari. Ni uendeshaji. Ni kazi ya mtu anayejua kwamba mama anayevuja damu saa nane za usiku anaokolewa, au anapotea, kutokana na maamuzi yaliyofanywa wiki kadhaa kabla na mtu aliyeketi ofisini: nani awe zamu, mkunga alale wapi, friji ya damu itengenezwe lini, gari la wagonjwa liwe na mafuta au lisiwe nayo.

Natoa hoja yangu moja kwa moja. Daktari anayeteuliwa kuwa mganga mfawidhi wa hospitali, yaani msimamizi wake mkuu, afundishwe kuendesha hospitali kabla ya kushika nafasi hiyo, afundishwe pamoja na watu atakaofanya nao kazi, na kwa hospitali zetu za Kanda ya Magharibi afundishiwe hapahapa Tabora. Utaratibu wa sasa, ambao mara nyingi daktari hupewa barua ya uteuzi kwanza halafu akajifunza kazi kwa kukosea, gharama yake inabebwa na wagonjwa.

Tuangalie safari ya daktari huyo. Anasoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, anafanya mazoezi ya vitendo mwaka mmoja, anaajiriwa, na wengine wanarudi chuoni kwa miaka mitatu au zaidi ili kuwa mabingwa. Katika miaka yote hiyo anafundishwa kumtazama mgonjwa mmoja aliye mbele yake na kumpa kila alichonacho. Huo ndio moyo wa taaluma yake na hakuna anayetaka ubadilike. Lakini siku anapokuwa mganga mfawidhi anatakiwa kuwatazama wagonjwa wote kwa pamoja, wakiwamo ambao bado hawajafika hospitalini, na kuamua fedha kidogo iliyopo iende wapi na wapi isiende. Anatakiwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi, kujua kasma (fungu la bajeti) moja haiwezi kulipia jambo la kasma nyingine, kusimamia nidhamu ya watumishi kwa mujibu wa kanuni za utumishi, kujibu hoja za mkaguzi, kuketi na bodi, na kueleza kwa viongozi wa mkoa kwa nini dawa fulani haipo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojitokeza lenyewe kwa sababu mtu ni mpasuaji hodari. Mara nyingi huteuliwa yule anayeheshimiwa wodini, na ni haki aheshimiwe, lakini heshima ya wodini haimfundishi mtu kusoma mkataba.

Wala mzigo wa kiti hicho haujabaki pale ulipokuwa. Mwishoni mwa mwaka 2017 hospitali za rufaa za mikoa ziliondolewa TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati, ambako mganga mfawidhi mara nyingi ni tabibu asiyewahi kufundishwa hesabu za serikali hata siku moja. Ukaja mfumo wa malipo kwa namba ya udhibiti, ikaja mifumo ya kompyuta ya kusajili wagonjwa, ukaja mfumo wa NeST wa ununuzi, na mwaka 2023 zikatungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na nia njema, na nyingi nimeziunga mkono na bado naziunga mkono. Lakini kila moja iliongeza kazi na maamuzi mezani kwa mganga mfawidhi, na haikuandamana na maandalizi ya maana ya mtu huyo.

Bima inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko jingine lolote. Hospitali inayohudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hailipwi kwa sababu imetibu. Inalipwa kwa sababu imedai, na imedai sawasawa. Daktari akisahau kuandika utambuzi wa ugonjwa kwenye fomu, akiandika kipimo ambacho hakiendani na ugonjwa aliouandika, mgonjwa akiondoka bila kusaini, au madai yakichelewa kuwasilishwa, mfuko unakata. Kila kosa peke yake ni dogo na aliyelifanya hasikii maumivu yoyote. Mwisho wa mwezi, hata hivyo, makato hayo yanakuwa fedha ambayo ingenunua vitendanishi vya maabara au kulipa posho za wanaoitwa kazini usiku. Nimezungumza na waganga wafawidhi kadhaa wa mikoa ya Tabora na Kigoma kuhusu suala hili, na wengi walisema jambo linalofanana: kwamba miezi ya mwanzo waliona madai ya bima kuwa kazi ya mhasibu, wakagundua baadaye kwamba mhasibu hana uwezo wa kumwambia daktari bingwa arudi akamalizie fomu. Anayeweza kusema hivyo na akasikilizwa ni daktari mwenzake. Hapo ndipo penye sababu ya kweli ya kumtaka daktari aongoze hospitali, na hapohapo ndipo anapoonekana hajaandaliwa, kwa kuwa hajui atazame taarifa ipi, kila baada ya muda gani, ili kuona fedha inavujia wapi.

Uzito wa suala hili unaongezeka tukikumbuka kwamba kwa mujibu wa sera yetu wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wanapaswa kutibiwa bila malipo. Ni sera ya haki. Wao ndio wanaojaza wodi za Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora, na za Maweni kama wanavyojaza wodi nyingine nchini, na huduma yao inahitaji glavu, dripu, oksijeni na mshono kama ya mwingine yeyote. Hospitali isiyojua kukusanya kutoka kwa wenye bima na wanaoweza kulipa haina cha kuwahudumia wenye msamaha, na matokeo yake ni mama kuambiwa akanunue vifaa duka la nje. Watu hulalamikia roho mbaya ya watumishi, na wakati mwingine ni kweli ipo, lakini ukifuatilia nyuma utakuta mara nyingi ni makosa ya hesabu yaliyoanza miezi mitatu iliyopita.

Ndivyo ilivyo kwa dawa pia. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapa Tabora, inayohudumia na Kigoma, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ghala liko Dar es Salaam tu. Bohari inaletewa maoteo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika, na hospitali zenyewe. Maoteo yakiandaliwa kwa kunakili ya mwaka jana na kuongeza kidogo, bila kuangalia ni wagonjwa wangapi walitibiwa na dawa ilikosekana stoo kwa muda gani, yanakuwa maoteo ya uongo, na hospitali itapata kisichohitajika na kukosa kinachohitajika. Bohari isipokuwa na dawa, upo mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na baadaye ukaenea mikoani, unaoiwezesha hospitali kununua kwa muuzaji binafsi aliyeidhinishwa kwa bei zilizokubaliwa. Mfumo huo una hatua zake. Mfawidhi anayezijua anaanza kuzifuata dawa ikiwa imebaki ya wiki kadhaa, na asiyezijua anaanza siku mfamasia anapomwambia rafu ni tupu.

Kuna hoja moja ambayo wasomaji wenye uzoefu wa utumishi watakuwa tayari wanayo: mbona tunao makatibu wa afya? Ni kweli, na ni hoja nzito. Chuo Kikuu cha Mzumbe kwa miaka mingi kimetoa shahada ya uendeshaji wa mifumo ya afya, na wahitimu wake wameenea katika halmashauri na hospitali zetu. Hawa wamesomea kile ambacho daktari hakusomea. Katika hospitali nyingi, hata hivyo, katibu wa afya ametumika kama karani mkuu wa mfawidhi: aandike barua, aandae kikao, atafute mafuta ya jenereta. Anaposhauri jambo la fedha, daktari humwona kama mtu anayetaka kuzuia matibabu. Anapokaa kimya, hulaumiwa kwamba hasaidii. Ugomvi huu wa chini kwa chini unakula muda na nguvu za hospitali kwa kiasi ambacho hakionekani katika ripoti yoyote, na chanzo chake ni kwamba watu hao wawili hawajawahi kukaa darasa moja wakajifunza kazi moja kwa lugha moja.

Wenzetu wa Ethiopia walifuata njia nyingine. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Jimma, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, kilianza shahada ya uzamili ya uongozi wa hospitali, na serikali ikaamua kwamba hospitali ziongozwe na watendaji wakuu waliosomea kazi hiyo, si lazima wawe madaktari. Uingereza ilikuwa imekwisha kupita njia inayofanana na hiyo baada ya ripoti ya Roy Griffiths ya mwaka 1983, iliyoleta mameneja wa kitaaluma katika hospitali za umma. Waingereza walipata nidhamu ya fedha, lakini pia walipata msiba wa hospitali ya Stafford, ambako uongozi ulishughulika na hesabu na malengo huku wagonjwa wakikosa hata maji ya kunywa vitandani, kama ilivyoelezwa katika ripoti ya uchunguzi ya Robert Francis ya mwaka 2013. Kwa upande mwingine, mtafiti Amanda Goodall mwaka 2011 alilinganisha hospitali bora za Marekani na kukuta kwamba zile zilizoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za ubora za juu zaidi, kwa takriban asilimia 25, kuliko zilizoongozwa na wasio madaktari. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba udaktari wa kiongozi ndio ulioleta tofauti; inawezekana hospitali bora ndizo zinazovutia madaktari kuziongoza. Nami nautaja kwa tahadhari hiyohiyo.

Kwa mazingira yetu, naona daktari aendelee kuongoza, kwa sababu niliyoitaja katika suala la bima: maamuzi makubwa ya matumizi hospitalini hufanywa na kalamu ya daktari, na madaktari husikiliza zaidi mwenzao. Ila aongoze akiwa amefundishwa, na katibu wa afya awe mshirika wake wa kweli, mwenye sauti katika bajeti na si mbeba mafaili.

Nikisema mafunzo, sizungumzii semina. Semina tumezifanya nyingi, za siku tatu au tano, katika hoteli za mjini, zikiwa na mada kumi, cheti mwishoni, na mfawidhi anayerudi akiwa na kabrasha ambalo halifunguliwi tena. Baadhi ya waliohudhuria walikwenda kwa ajili ya posho, na siwalaumu sana, kwa kuwa hawakuambiwa warudi na jambo gani la kutekeleza. Mfumo wa 5S-KAIZEN, yaani mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambao Wizara ya Afya iliuanzisha mwaka 2007 katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kwa msaada wa Japani, ulionyesha jinsi kitu kizuri kinavyoweza kufika nusu ya njia. Pale ambapo kiongozi alielewa, ulipunguza muda wa mgonjwa kusubiri na upotevu wa vifaa. Pale ambapo hakuelewa, zilibaki lebo za rangi kwenye makabati na picha za kabla na baada ukutani, na hakuna aliyeuliza tena lolote.

Mafunzo yanayofanya kazi yanafanana zaidi na kile kilichofanyika wilayani Rufiji na Morogoro Vijijini mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mradi wa TEHIP uliosimamiwa na Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada. Timu za afya za wilaya zilipewa nyongeza ndogo ya fedha pamoja na njia rahisi za kulinganisha magonjwa yanayoua watu wao na jinsi bajeti yao ilivyogawanywa. Walipoona kwa macho yao kwamba malaria ilikuwa na mzigo mkubwa kuliko fedha iliyotengewa, walibadilisha mpango wao wenyewe. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo. Kulikuwa na sababu nyingine pia, na hakuna mtafiti makini atakayeipa bajeti sifa zote. Lakini walijifunza kwa kutumia takwimu zao wenyewe, timu nzima pamoja, na walirudi kazini wakiwa na jambo la kubadilisha kesho yake.

Ndiyo maana naitaja Tabora. Katika mji huu mmoja kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, ambalo kwa miaka mingi limefundisha watumishi wa serikali kazi za ofisi na utawala. Kuna ghala la kanda la Bohari ya Dawa. Kuna kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, yenye matatizo na mafanikio ya kutosha kufundishia. Kigoma iko kilomita zipatazo 400 kwa reli. Wala kufundisha viongozi si jambo geni hapa: Shule ya Tabora, aliyosoma Mwalimu Nyerere, serikali ya kikoloni iliitumia kuwaandaa watoto wa machifu kwa kazi ya utawala. Inashangaza kwamba daktari wa Kibondo au Kaliua akitaka kujifunza uendeshaji wa huduma za afya anafikiria Arusha, Mzumbe au Dar es Salaam, halafu anakaa huko mwaka au miwili akiwa mbali na hospitali anayotakiwa kuijua.

Ninachokiona kinawezekana ni mafunzo ya miezi sita hadi tisa yanayofanyika kwa vipande, wiki moja darasani na wiki kadhaa kazini, kwa timu ya watu watano kutoka kila hospitali: mganga mfawidhi au anayeandaliwa kushika nafasi hiyo, muuguzi mkuu, katibu wa afya, mfamasia na mhasibu. Waje na vitabu vyao. Wiki ya bima wafundishwe kwa madai yao halisi ya mwezi uliopita, wakiona kila senti iliyokatwa na sababu yake. Wiki ya dawa waende ghalani Bohari, wakae na wanaopokea maoteo yao, waambiwe ana kwa ana kasoro ziko wapi. Wiki ya usalama wa mgonjwa walete kifo kimoja cha mama au cha mtoto mchanga kutoka hospitali yao na kukichambua mbele ya wenzao bila kutafuta wa kumtoa kafara, maana vikao vya namna hiyo vipo tayari kwa mujibu wa mwongozo wa wizara, lakini vingi hufanyika kwa kujaza fomu. Nisingetumia muda mwingi kwenye nadharia za uongozi na aina za viongozi. Hayo mtu anaweza kuyasoma mwenyewe.

Walimu nao wasitoke vyuoni peke yake. Hospitali za mashirika ya dini, kama Nkinga wilayani Igunga na Kabanga wilayani Kasulu, zimelazimika kwa miaka mingi kuishi kwa kuhesabu, kwa sababu hospitali ya namna hiyo haiwezi kulipa mishahara yote wala kununua dawa bila kujua huduma inagharimu kiasi gani. Zina udhaifu wake, ikiwa ni pamoja na gharama ambazo wakulima wengi wa tumbaku na pamba wanaziona kubwa. Lakini mhasibu au matroni aliyeendesha hospitali vijijini kwa miaka 20 ana mambo ya kumfundisha mganga mfawidhi wa serikali ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Pingamizi kubwa kuliko yote nalijua, na nalipa uzito. Mabingwa katika mikoa yetu ni wachache. Ukimtoa mpasuaji mmoja chumba cha upasuaji ukampeleka darasani, halafu ukamketisha ofisini, kuna wagonjwa watakaosafirishwa hadi Bugando, Mwanza, ambao wangetibiwa hapa. Hasara hiyo tayari tunaipata leo, tena bila faida yoyote, kwa sababu bingwa aliyeteuliwa kuwa mfawidhi hutumia siku zake kusaini hati za malipo ambazo hajui kuzipima. Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, mfawidhi asilazimike kuwa bingwa. Daktari wa kawaida mwenye miaka minane au kumi ya kazi, mwenye mwelekeo wa uongozi na aliyefundishwa mapema, anaweza kuiongoza hospitali ya wilaya vizuri kuliko bingwa asiyetaka kazi hiyo. Pili, pale ambapo bingwa ndiye anayefaa, apewe siku mbili kwa wiki za kubaki na wagonjwa wake, zilindwe kwa maandishi, na katika siku hizo katibu wa afya awe na mamlaka kamili ya kuendesha shughuli za kila siku. Hilo haliwezekani kama katibu hajafundishwa pamoja naye na hawaaminiani.

Pingamizi la pili ni uhamisho. Kuna hospitali ambazo wafawidhi wamepokezana kiasi kwamba watumishi hawaoni sababu ya kujifunza mtindo wa mpya, wakijua ataondoka kabla haujazoeleka. Mafunzo ya timu yanapunguza madhara hayo, kwa kuwa akiondoka mmoja wanabaki wanne wenye kumbukumbu. Bado wizara na TAMISEMI zinapaswa kukubali kwamba mtu aliyegharimiwa mafunzo akae katika kituo chake muda wa kutosha, angalau miaka mitatu, isipokuwa kwa sababu za nidhamu au afya. Dk. Mbaruku na wenzake walihitaji miaka, si miezi, ili mabadiliko yao yaonekane katika vifo.

Kuhusu fedha sitarefusha. Sehemu kubwa ya fedha hiyo tayari ipo katika semina tunazozifanya; zikipunguzwa na posho zake zikaelekezwa kwenye mpango mmoja wenye mwanzo na mwisho, kiasi cha kuongeza kitakuwa kidogo.

Linabaki suala la kupima, na hapa wananchi wana haki ya kudai. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wajawazito nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyokadiriwa katika utafiti wa mwaka 2015/16. Ni mafanikio makubwa, yenye jasho la wakunga na matabibu wengi. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za mwanzo, vimesimama palepale: 24 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 25. Kumwokoa mama kwa upasuaji ni tendo moja kubwa ambalo mpasuaji mmoja hodari anaweza kulibeba. Kumwokoa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati kunataka wiki nzima za mambo madogo yasiyokatika: joto, oksijeni inayopimwa, maziwa kila baada ya saa chache, mikono iliyonawa, muuguzi aliye macho saa tisa za usiku na ambaye hakuachiwa watoto 15 peke yake. Mambo hayo yanategemea ratiba, ununuzi, matengenezo na usimamizi wa watu, yaani kazi za ofisi ya mfawidhi.

Kwa hiyo pale mganga mfawidhi anapoulizwa maswali na mkuu wa mkoa, na bodi au na kamati ya madiwani, asiulizwe tu majengo yamefikia hatua gani na mapato yameongezeka kiasi gani. Aulizwe ni watoto wachanga wangapi walifariki katika robo hii ikilinganishwa na iliyopita, wangapi kati yao walifariki usiku, wauguzi walikuwa wangapi kwenye zamu hizo, madai ya bima yalikatwa kiasi gani na kwa sababu gani, na dawa zipi muhimu zilikosekana kwa zaidi ya wiki moja. Aliyefundishwa atakuwa na majibu mezani kabla ya kuulizwa. Na kabla ya barua nyingine ya uteuzi kusainiwa kwa hospitali yoyote ya Tabora au Kigoma, anayeteuliwa aketi kwanza na vitabu vya hospitali hiyo kwa mwezi mzima, akiwa na anayeondoka pamoja na katibu wa afya, akabidhiwe madeni, mikataba, stoo na majina ya watumishi, na asaini kwamba ameviona.